Mwaka Niliosoma Muhtasari Tu

Jumamosi iliyopita tulimzika mama yake Eliakimu kule Mwika, kwenye kihamba chao, shamba la urithi la ukoo, hatua chache kutoka kaburi la mwanawe. Wasifu wa marehemu ulipokwisha kusomwa, msemaji wa familia alibaki na kipaza sauti na kusema kuna mtu mmoja ambaye si wa ukoo, lakini mama aliagiza atajwe. Akanitaja mimi. Akasema mwaka ule kijana alipougua saratani ya mfupa, mimi ndiye niliyemhangaikia, nikamtafutia dawa mpaka kwa wataalamu wa ng'ambo, wakati wengine walikuwa wakimmaliza kwa kumchua. Watu wakapiga makofi, msibani. Niliinuka nusu, nikainamisha kichwa, nikaketi tena. Mama mmoja nyuma yangu alinigusa bega na kusema, Mungu akubariki, baba. Nikala wali wa msiba, nikateremka mjini, na tangu siku hiyo nina hasira ambayo haijapungua hata kidogo. Naandika ili kurekebisha wasifu ule. Nitaandika kwa mpangilio, kwa sababu mpangilio ndiyo tabia yangu. Mwaka ule, hata hivyo, mpangilio wangu ulikuwa na tundu, na mtu akapotelea humo.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kuishia hapo, na nilifanya kazi kwenye duka la intaneti karibu na stendi ya Moshi: kompyuta saba, mashine moja ya kurudufu, na feni iliyozunguka pale umeme ulipotaka. Waongoza watalii waliingia kuandika barua pepe kwa wageni wao wa mwaka uliopita. Wanafunzi waliingia kuchapa ripoti zao za mafunzo. Kati ya mteja na mteja nilisoma. Nilikuwa na kamusi na daftari kubwa la karatasi mia mbili, na nilijifundisha kitu chochote kilichopita mbele yangu: jinsi friji inavyopoza, jinsi kahawa inavyoshikwa na kutu ya majani, jinsi damu inavyoganda. Eliakimu, ambaye nilipanga naye chumba kimoja Majengo, aliniita Profesa. Alikuwa na miaka ishirini na moja na alikuwa mgumu, kama wapagazi wa mlima wanavyojiita wenyewe. Alipanda na mizigo ya watu kichwani, akateremka, akalala siku mbili, akapanda tena. Mwaka ule alikuwa anajiandaa kwa mafunzo ya uongozaji. Alishajua majina ya ndege wa msituni kwa Kiingereza, na aliyasema kwa sauti huku akipiga mswaki.

Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili, jiko la mafuta ya taa, na ukuta mmoja wa mbao nyembamba uliotutenganisha na ukumbi mdogo wa mwenye nyumba. Kila kilichosemwa upande mmoja kilisikika upande wa pili. Eliakimu ndiye aliyepika. Aliporudi na ndizi kutoka kwa mama yake alipika mtori mzito, akausonga mpaka kijiko kikasimama, na alikuwa na msemo kwamba mtori mwepesi ni supu iliyokosa adabu. Mwezi wa pili alianza kupika ameketi kwenye ndoo. Nilimuuliza kulikoni, akasema goti la kushoto linamkumbuka mgeni mmoja aliyebeba mawe kwenye begi. Tulicheka. Goti linalouma kwa mgumu si habari. Wote wanaumwa magoti, wote wanajipaka dawa ya kuchua, wote wanapanda tena. Kitu ambacho hakuna aliyekitazama ni kwamba goti hili liliuma zaidi alipopumzika kuliko alipotembea, na kwamba uvimbe haukuwa kwenye goti lenyewe, ulikuwa juu yake kidogo, upande wa ndani, mgumu kama kiazi kibichi.

Mwezi wa tatu tulipanda Mwika na mama yake akatupeleka kwa Bibi Foibe. Naomba msomaji anifuatilie hapa polepole, kwa kuwa hapa ndipo uongo wa Jumamosi ulipozaliwa. Bibi Foibe alikuwa mchuaji. Watoto walioteguka, wazee wa mgongo, wanawake waliotoka kujifungua, wote walipitia mikononi mwake, katika jiko lake lililonuka moshi na mafuta ya kondoo. Alimlaza Eliakimu kwenye ngozi, akapasha moto mafuta, akalishika goti. Alilichua siku hiyo kwa upole, na kesho yake, na siku ya tatu. Siku ya tatu aliacha katikati. Akaweka kiganja juu ya uvimbe bila kukanda, akakaa hivyo muda mrefu kama mtu anayesikiliza, kisha akafuta mikono kwenye kitenge.

Eliakimu akamtania, "Bibi, umeshindwa na goti la mgumu?"

"Nimeshindwa mapema," akasema. "Mshipa nikiukanda unalegea. Huu unazidi joto. Hiki kiko kwenye mfupa, na kinakua." Akamgeukia mama yake Eliakimu. "Mpeleke hospitali kesho. Usingoje ipite siku ya soko."

Nilikuwepo. Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda karibu na mlango, nikila ndizi ya kuchoma. Nimeyasikia maneno hayo kwa masikio haya, na mama yake Eliakimu aliyasikia pia. Baadaye aliyasahau, na sikumkumbusha.

Hospitali kubwa ilifanya kazi yake. Walipiga picha ya mfupa, wakachukua kinyama kwa sindano nene, tukasubiri, tukaitwa. Daktari alikuwa mwanamke mpole aliyezungumza taratibu. Alichora mguu nyuma ya fomu, akaweka kivuli pale palipovimba, na akatueleza kwamba hii ni saratani inayoanzia kwenye mfupa wenyewe, inayowapenda vijana, na kwamba ina haraka. Aliuliza kama mguu ulichuliwa. Tukasema mara tatu. Akasema usichuliwe tena. Ndivyo alivyosema, na hakuongeza neno juu yake. Kisha akaeleza mpango: dripu za dawa kali kwanza, halafu kukata juu ya goti, halafu dripu tena. Bila hayo ugonjwa utahamia kwenye mapafu. Eliakimu alitazama mchoro akauliza, na mlima? Daktari hakumdanganya. "Mlima, hapana," alisema. "Maisha, inawezekana." Nimelifikiria neno lile la mwisho kwa miaka kumi na tano. Inawezekana. Mwanamke aliyesomea jambo lile maisha yake yote alijipa ruhusa ya kusema inawezekana tu. Mimi, wiki mbili baadaye, nilisema nina uhakika.

Eliakimu hakuwa mjinga na hakuwa mwoga. Aliomba muda wa kufikiri. Aliniambia tukiwa tunatembea kurudi Majengo kwamba mguu mmoja si kitu kidogo cha mtu, kwa mgumu ni kazi yake, ni chakula cha mama yake, ni yule binti wa Marangu aliyekuwa anamngoja apate leseni. Akaniuliza, wewe unayesoma kila kitu, hakuna njia nyingine? Nikasema nitatazama.

Nilitazama kila siku, mchana, kati ya wateja. Na nikakuta kitu ambacho, lazima niseme, ni cha kweli na ni cha ajabu. Kila seli imezungukwa na utando. Katika utando huo zimesimama protini ambazo kila moja kichwa chake kiko nje ya seli na mkia wake uko ndani. Huitwa vipokezi. Ishara ya ukuaji ikifika kutoka kwenye damu, kichwa kinainasa, vipokezi viwili vinasogeleana, na ile mikia, ambayo kwa hakika ni vimeng'enya, inaanza kubandikana vipande vya fosfeti. Kuanzia hapo habari inapokezanwa kutoka protini moja hadi nyingine mpaka kwenye kiini: gawanyika. Katika seli nzima jambo hili lina mwanzo na lina mwisho. Katika seli nyingi za saratani ya mfupa vipokezi hivi vimezidi idadi, au vimekataa kuzimika, na seli inaamriwa kugawanyika mchana kutwa bila mtu kuamuru. Basi watu walikuwa wametengeneza molekuli ndogo, kidonge cha kumeza, inayoingia kwenye kile kimfuko cha mkia ambamo kimeng'enya huchukulia nguvu zake, ikakaa humo na kukiziba. Ishara inapiga hodi nje, ndani hakuna anayeitika. Niliposoma hayo mara ya kwanza nilisimama nikatembea mpaka mlangoni. Sikuwahi kuelewa kitu kizuri hivyo kwa akili yangu mwenyewe.

Nilichosoma kilikuwa ni muhtasari. Kurasa zile za utafiti zilikuonyesha aya moja ya juu bure, na zilizobaki zilifungwa nyuma ya mlango uliodai kadi ya benki ambayo mtu wa duka la intaneti Moshi hakuwa nayo na hakumjua aliyekuwa nayo. Nimewakasirikia sana waliouweka mlango ule. Mpaka leo sioni haki ya kumwonyesha mgonjwa sentensi ya mwisho, ile inayosema matokeo haya yanatia matumaini, halafu kumfungia kurasa kumi zinazoeleza matumaini hayo ni ya nani na yana mipaka gani. Lakini hasira hiyo nimeitumia vibaya miaka mingi, kama kivuli cha kujifichia, kwa sababu aya moja ile ya bure ilitosha. Ilisema wazi. Ilisema seli zilioteshwa kwenye visahani vya maabara, zikapewa dawa, ukuaji ukasimama. Baadhi zilisema panya. Niliyaona maneno hayo, niliyaelewa, na niliyapita kama mtu anavyopita ubao wa barabarani.

Daftari langu ninalo bado. Nililigawa katika safu nne, kwa rula. Safu ya kwanza: kipokezi. Ya pili: dawa. Ya tatu: matokeo. Ya nne: anwani ya kuandikia barua. Chini ya matokeo nimeandika kwa mwandiko mzuri, mstari baada ya mstari, ukuaji umesimama, ukuaji umesimama, seli zimekufa. Hakuna safu inayouliza ni nani aliyepewa dawa hiyo. Ningeweka safu moja tu zaidi, ya upana wa vidole viwili, ingejaa neno kisahani kutoka juu hadi chini, na hata mimi ningeona.

Nilimpelekea Eliakimu daftari. Alikuwa ameketi kwenye ndoo yake anamenya ndizi. Nilimchorea kipokezi, kichwa na mkia, nikamwonyesha dawa inakaa wapi. Alielewa haraka, alikuwa na akili ya kuelewa. Alisema, kwa hiyo mguu unabaki. Nikasema mguu unabaki. Akaweka kisu chini.

"Una uhakika, Profesa? Usinifariji. Nijibu kama mtu."

"Nina uhakika," nikasema.

Siku ya miadi hakwenda. Nilimwandikia mimi mwenyewe barua ya kuomba muda, kwa Kiswahili safi. Daktari alimpigia simu mara mbili. Mara ya pili Eliakimu alinipa simu nizungumze, nami nikamweleza daktari kuhusu vipokezi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema anavijua, kwamba kweli viko kwenye ugonjwa huu na kweli vinafanyiwa kazi, na kwamba kijana huyu hana muda wa kungoja kazi hiyo iishe. Akasema, mlete kesho, kaka, nakuomba. Nilimshukuru. Kisha nikamwambia Eliakimu kwamba madaktari wetu wako nyuma kidogo. Nimesema nitaandika kwa mpangilio: hilo nililisema, na nililisema nikitabasamu.

Kuanzia mwezi wa tano niliandika barua pepe, kwa watafiti wale waliokuwa kwenye safu ya nne na kwa viwanda vya dawa, kwa Kiingereza cha kamusi. Tulingoja. Siku moja niliporudi mapema kutoka dukani nilimsikia kupitia ule ukuta wa mbao. Alikuwa amewakaribisha wagumu wawili ukumbini kwa mwenye nyumba, wameteremka siku hiyo, wanakunywa chai. Mmoja alimuuliza, sasa wewe mguu huo unaufuga kama ndama? Wakacheka. Eliakimu akacheka nao. Akasema msimu wa watalii hautamkosa, Profesa amepata dawa inayoziba seli mdomo, inakuja kutoka nje. Yule mwingine akasema huyo Profesa wako si ndiye aliyeunguza uji wiki iliyopita? Eliakimu akasema uji ndiyo, lakini mambo ya kusoma hajawahi kukosea. Nilisimama upande wa pili na kofia mkononi. Nilijisikia fahari. Ningependa kuandika kwamba nilisikia hofu, lakini nilijisikia fahari.

Uvimbe ulikua. Alianza kutumia fimbo, kisha magongo mawili. Alikonda, na mguu wa kushoto wa suruali ukambana pajani huku wa kulia ukining'inia. Mama yake aliteremka kutoka Mwika kila wiki na maziwa na kunde, akatuuliza dawa imefikia wapi, nasi tukamjibu kama watu wanaofuatilia mzigo bandarini. Mwezi wa tisa jibu moja lilifika. Moja tu, kati ya barua zote zile. Mtafiti mmoja, ambaye sikuwahi kumjua zaidi ya jina, aliandika aya tatu za heshima. Alisema anasikitika kuhusu rafiki yangu. Alisema kazi yake ilikuwa ya seli kwenye visahani na ya panya, kwamba kipokezi kimoja kikizibwa seli mara nyingi hupitisha ishara kwenye kingine, na kwamba hakuna mtu ambaye angeweza kusema dawa hiyo inachukua nafasi ya upasuaji. Alimalizia kwa kusema, tafadhali mfuateni daktari wenu, na msichelewe.

Nilikaa na barua hiyo siku kumi na tisa. Kila asubuhi nilijiambia huenda jibu jingine linakuja, zuri zaidi. Nililifunga duka, nikarudi chumbani, nikala alichopika, nikamwambia bado kimya. Siku ya kumi na tisa alikohoa juu ya sahani yake, akakohoa tena, na hakuweza kuacha. Tulienda hospitali asubuhi iliyofuata. Daktari yule yule aliitundika picha ya kifua kwenye taa, na hata mimi niliyaona: doa jeupe, jingine, jingine, katika mapafu yote mawili. Hakutulaumu. Alisema mguu unaweza kukatwa kupunguza maumivu, na kwamba dripu zinaweza kujaribiwa, lakini hawezi tena kusema lile alilosema mwezi wa nne.

Nilimwambia Eliakimu pale nje, kwenye benchi la zege, kati ya watu waliongoja kuitwa. Nilimwambia kuhusu visahani, kuhusu barua, kuhusu siku kumi na tisa. Alikuwa ameshika magongo yake mawili kwa mkono mmoja. Alinitazama kwa hasira niliyoistahili, na hakupandisha sauti.

"Nilikuuliza kama una uhakika," alisema. "Ungesema hujui, ningekatwa. Kwa hiyo hukunisomea mimi. Ulijisomea wewe."

Kisha akasema jambo jingine, na hili ndilo nililobeba. Alisema mama yake ameshaanza kusema ni kuchuliwa, na yeye hataki bibi wa watu abebeshwe. "Utamwambia mama. Wewe, kwa mdomo wako. Mimi nikimwambia atadhani nakusingizia kwa uchungu." Nikasema nitamwambia. Hakuniuliza kama nina uhakika.

Alifariki nyumbani mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili, asubuhi, mama yake akiwa nje anageuza kahawa kwenye vichanja. Wiki mbili baadaye Wachagga wa Dar, wa Arusha, wa Mwanza walianza kufika kwa Krismasi, kama kila mwaka, magari yamejaa njia za vihambani, na kila aliyeingia kutoa pole aliuliza swali lile lile: nini kilimpata? Watu hawapendi jibu linalosema ugonjwa. Wanataka jibu lenye jina la mtu. Swali lile lililoulizwa na daktari, kama mguu ulichuliwa, lilizunguka nyumba hadi nyumba, likaongezewa nyama, na ilipofika siku ya kikao cha ukoo lilikuwa limekuwa kauli: daktari amesema ni yule mchuaji. Wajomba walitikisa vichwa. Mmoja, mtu mwenye shahada, alinigeukia na kuniuliza mimi kama msomi, kitaalamu, kuchua kunaweza kueneza saratani? Nilikuwa na kikombe cha mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi. Nilijua alichokuwa anauliza hasa. Nikasema kuchua uvimbe wa namna ile hakufai. Lilikuwa jibu sahihi, na lilitosha kwa kila aliyekuwepo.

Siku ya pili yake Manase, mtoto wa Bibi Foibe, alikuja uani na jani la sale. Kwa wasiotoka kwetu: sale ni mmea ule tunaopanda mipakani na makaburini, na jani lake likifungwa fundo na kuletwa kwako na aliyekukosea, au na mtu wake, huna ruhusa ya kulikataa. Ukilipokea umesamehe. Watu waliowahi kukatana mapanga wamesameheana kwa jani lile. Manase alisimama mbele ya mama yake Eliakimu, akavua kofia, akainama, akalinyoosha kwa mikono miwili. Alisema mama yake ameomba, kama kuna kosa mikononi mwake, lisamehewe. Kama kuna kosa. Na mama yake Eliakimu akaweka mikono yake nyuma ya mgongo.

Uani palikuwa na watu kama arobaini, na hakuna aliyewahi kuona jambo kama hilo. Mzee mmoja alisema kwa sauti ndogo, haijawahi. Manase alibaki ameinama, jani limenyooshwa, kwa muda ambao sitaki kuukadiria, kisha akanyooka, akavaa kofia, akaondoka nalo. Nilikuwa hatua tano kutoka alipokuwa. Kosa lile lilikuwa langu, na msamaha wake ulikuwa unaombwa mbele ya macho yangu na mtu asiyehusika, na unakataliwa kwa niaba ya Eliakimu. Ningeweza kunyoosha mkono tu. Niliutazama mguu wa meza.

Miaka iliyofuata nimejifunza mada ile vizuri, kwa bidii ya mtu anayelipiza kisasi. Sasa karatasi nyingi zinasomeka zote, na nimezisoma zote, kutoka juu hadi chini, pamoja na majedwali. Vidonge vile vipo. Vimejaribiwa kwa watu ambao saratani yao ya mfupa ilirudi baada ya tiba, na kwa baadhi yao vimeusimamisha ugonjwa kwa miezi, na miezi si kitu cha kudharau. Hakuna mahali popote, mwaka ule wala leo, ambapo mtu mwenye akili amesema mgonjwa mpya aache kisu na dripu angojee kidonge. Ningekuwa na nafuu kama vipokezi vingekuwa uzushi, kama ningetapeliwa. Sikutapeliwa. Nilichukua kitu cha kweli nikakifanya uongo. Na wakati huo huo kule Mwika Bibi Foibe alikaa bila wateja. Mama yake Eliakimu alihama benchi kanisani ili asiketi naye safu moja. Vijana wakambatiza jina, Vunja Mguu. Nilikwenda kule kila Krismasi na sukari na kitenge kwa mama yake Eliakimu, akaniita mwanangu, akanipa mguu wa kuku, na kila mwaka nilikwenda nimekusudia kusema, na kila mwaka nilikula ule mguu wa kuku.

Jana nilipanda. Bibi Foibe amezeeka sana lakini bado anafanya kazi. Nilimkuta nyuma ya nyumba anakatakata mgomba kwa ajili ya ng'ombe. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kuacha panga. Nikamweleza nimekuja kusema nini, na nikasema, yote, kama nilivyoandika hapa: muhtasari, daftari, simu ya daktari, barua, kikao, mbege, jani. Aliendelea kukata mpaka nilipofika kwenye jani, hapo akaacha. Nilipomaliza aliuliza ile barua ilikaa kwangu siku ngapi. Nikasema kumi na tisa. Akauliza, na haya mengine? Nikasema miaka kumi na tano.

"Aliyepaswa kuambiwa mmemfukia Jumamosi," akasema. "Mimi nilikuwa najua mikono yangu ilifanya nini."

Nilianza kusema neno naomba. Alininyamazisha kwa kiganja.

"Usiniombe kitu."

Akageuka kuelekea zizini akaita kwa Kichagga. Manase akatoka, mtu mzima sasa, mwenye mvi, na ndoo ya maziwa. Mama yake akamwonyesha mahali pa kusimama. Ng'ambo ya mfereji jirani wao alikuwa anapalilia na wanawe wawili wakubwa; walikuwa wameshainua vichwa. Bibi Foibe akawatazama, akanitazama mimi.

"Anza mwanzo," akasema. "Pale nilipowaambia mumpeleke hospitali, usiparuke. Na useme kwa sauti, mpaka wale wasikie."

Nikaanza mwanzo. Nilipofika kwenye kisahani sauti yangu ilishuka, akagonga panga kwenye mgomba, nikaipandisha.